Kigingi cha Pili

Baba yangu,

Leo nimechukua kamba yako. Mama alikuwa ameihifadhi kwenye mfuko wa saruji pamoja na mwiko wako wa uashi na timazi, akaniomba nisiipoteze. Nimeipeleka shuleni Gatete, ninakofundisha fizikia. Nikachomeka vigingi viwili uwanjani, nikaifunga kwenye vyote viwili, nikaivuta ikakaza huku nikichora umbo la yai, kama ulivyokuwa ukifanya.

Unaikumbuka ile nyumba ya Magara? Mwenye nyumba alitaka bustani yenye umbo la yai. Ulipomaliza kuichora, uliwageukia mafundi wenzako ukasema, "Pengine dunia nayo inazungukaka jua hivi. Mara karibu, mara mbali." Mimi nilikuwa nasoma sekondari, kwenye lise, nimekuletea chakula. Nikakujibu mbele yao wote, "Baba, dunia inazunguka mu duara sawasawa. Hii si mambo ya mwiko."

Walicheka. Wewe hukucheka. Tangu siku hiyo hukuniuliza tena habari za shule, na mimi wala sikushughulika kujua kwa nini.

Ulikuwa sahihi, Baba. Nilikuja kujua nikiwa chuo kikuu Bujumbura. Jua halikai katikati, linakaa kwenye kigingi kimoja. Januari, mvua zikinyesha, tuko karibu nalo. Julai, vumbi likitujaa machoni, tuko mbali. Tofauti yenyewe ni ndogo, jicho haliioni, lakini ipo. Kila likizo nilikuja nyumbani nikisema safari hii nitakuambia, na kila likizo nikaona haya. Ukafariki Julai.

Leo nimewaambia wanafunzi ni nani aliyenifundisha. Msichana mmoja akauliza, "Madamu, na ku kigingi ya pili iko nini?" Nikamjibu, hakuna kitu. Kisha nikakitazama kigingi hicho, nikakukumbuka, nikawaruhusu watoke kabla ya saa.

Wenzako bado wanakaa mbele ya duka la saruji wakisubiri kazi. Jumamosi nitawafuata, wale wale waliocheka, niwaambie kwamba aliyekosea ni mimi. Naogopa, Baba, kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani wowote. Januari nitakuja kaburini kukueleza walivyonijibu.

Nisamehe. Mungu akurehemu, akulaze pema. Kamba nimeikausha juani, nimeikunja bila fundo hata moja, kama ulivyopenda.

Binti yako,
Zuhura