Wiki Ambayo Kila Mteja Alisomeka Sifuri

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu! Naandika tena kwa raha zangu: mume wangu. Harusi ina wiki tatu na neno hili bado tamu kama lilivyokuwa siku ile. Leo alifunga vifungo vya shati vibaya, kimoja juu, kimoja chini. Nikamsimamisha mlangoni nikavifunga upya, taratibu, bila haraka yoyote. Tukachelewa kazini wote wawili.

Kazini ni pale pale tulipokutana: kampuni ndogo ya intaneti, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Mimi napokea simu za wateja. Yeye anatunza programu inayoonyesha kila mteja katumia bando kiasi gani, na kumkatia aliyemaliza. Kila saa programu inabisha hodi kwa kampuni kubwa inayotuuzia intaneti, inauliza, inajibiwa, namba zinatokea kwenye skrini yangu. Wataalamu wanauita mlango huo API. Mimi nauita dirisha la mume wangu, maana nikilitazama namwona yeye.

Ijumaa majaribio yake yanakwisha. Ama anaajiriwa, ama anaaga. Mwamuzi ni bosi wetu, Mama Antena – tunamwita hivyo kwa kuwa hakuna linalompita. Chumbani mwake kuna kiti kimoja tu, chake. Ukiitwa, unasimama. Fundi wa nyaya anasema yeye alikalishwa siku moja tu maishani, siku alipoajiriwa.

Ee Mungu, mkalishe mume wangu.

Jumanne, 4 Juni

Ajabu! Simu hazilii. Siku zote ni kelele – bando limeisha, nani kalila, nyinyi wezi. Leo kimya. Kapiga mmoja tu, mshona nguo wa mtaa wa nyuma, mkorofi wetu namba moja, tena eti kushukuru! Tangu jana anatazama video za mishono na bando halipungui hata chembe. Akasema, binti, mumeo ana mkono wa baraka. Kichwa kilinivimba, nusura kisipite mlangoni.

Lakini mchana sikupata ujumbe wake. Kila siku saa saba ananiandikia, na hapo tumetenganishwa na ukuta mmoja tu! Leo hola. Nikala peke yangu, nimenuna. Kumbe simu yake iliisha chaji! Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, sasa wewe ulidhani nini? Nikasema, nilidhani leo hukunikumbuka hata kidogo. Akacheka mpaka wapita njia wakageuka. "Mke wangu, kutosikia habari si sawa na kutokuwa na habari."

Nampenda mtu huyu jamani. Hata akinikosoa, nanenepa.

Jumatano, 5 Juni

Wifi yangu, dada yake mume wangu, yuko kwetu wiki hii. Jana asubuhi nilimwacha kwenye kochi, na jioni nikamkuta kwenye kochi lile lile. "Wifi, nimemaliza tamthilia nzima, na nyingine nimeifikisha nusu!" Basi nilipofika kazini nikafungua laini ya nyumbani kwetu, nipate cha kumtania.

Sifuri.

Haiwezekani! Wifi yule? Nikafungua ya mshona nguo – sifuri. Shule – sifuri. Tangu Jumatatu, kila mteja sifuri! Nikamwita mume wangu. Rangi ilimtoka.

Hakuchukua muda kuliona. Kampuni kubwa wamebadilisha majibu yao bila kutushtua. Zamani walileta namba moja, jumla. Sasa wanaleta mbili, ya mchana na ya usiku, kwa majina mapya. Programu yetu ikatafuta jumla, ikaikosa – na mume wangu mwenyewe ndiye aliyeiambia zamani kwamba ikikosa, iandike sifuri!

Nilijizuia. Nikashindwa. "Kama mimi jana na ujumbe wako!" Akanikodolea macho, halafu akalaza paji la uso mezani akacheka mpaka mabega yanatikisika.

Kicheko hakikudumu. Kujumlisha mchana na usiku ni rahisi, amemaliza kabla ya chakula. Ila hajaiwasha. Namba za kweli zikirudi, programu itawakatia palepale wote waliopitiliza, na hakuna aliyeonywa hata mmoja. Lazima bosi aridhie kwanza. Maana yake lazima aambiwe.

Fundi wa nyaya anamnong'oneza: sukuma lawama kwa kampuni kubwa, si wao waliobadilisha? Funika kombe mwanaharamu apite, Ijumaa hiyo hapo!

Mume wangu karudi kwenye kompyuta yake.

Alhamisi, 6 Juni

Mama Antena yuko mlimani anakagua mnara. Simu yake haipatikani. Mwenye kampuni ya intaneti!

Mume wangu ameifundisha programu adabu mpya: ikikosa namba, isibuni. Iweke mstari mwekundu, maana yake "sijui", na imwite yeye.

Jioni tumefanya mazoezi. Mimi bosi, nimekaa juu ya ndoo. Yeye kasimama, soksi moja mguuni, anaeleza. Wifi akawa mlinzi wa mlango. Nikamwajiri papo hapo, nikambusu. Wifi akasema, bosi gani huyu, nami nataka kazi!

Ijumaa, 7 Juni

Ameingia. Naandika hapa mezani. Kupitia kioo namwona kasimama wima, vifungo vyote mahali pake – nilihakikisha mwenyewe.

Mama Antena ana sauti ya kupenya. Kauliza: nani aliiambia iandike sifuri?

"Mimi, Mama. Wao walibadilisha, lakini sifuri ni yangu."

Wameshusha sauti. Sisikii neno! Najiambia, kutosikia habari si sawa na kutokuwa na habari. Najiambia tena.

Mume wangu kainamia kompyuta ya bosi. Anabonyeza – jamani! Skrini yangu! Namba zinarudi, mteja mmoja baada ya mwingine. Wifi yangu, aibu gani hii, peke yake katumia bando la mtaa mzima!

Simu zote zinalia. Mshona nguo: binti, nimepata ujumbe, eti bando nilimaliza juzi lakini hamnikatii mpaka Jumatatu? Ndiyo, mama yangu, ndiyo! Hilo ndilo alilokwenda kuliomba!

Fundi wa nyaya ameacha kutafuna karanga zake.

Mlango umefunguka. Mama Antena katoa kichwa tu, uso mkavu kama ubao. "Bi harusi, lete kiti."

Kaufunga.

Fundi anasema labda anataka kufikia faili za juu. Mchawi huyu! Kiti kilicho karibu ni changu. Nimeshasimama, nimekishika kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine, simu zinalia, na mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Ee Mungu, mkalishe!