Beseni Lako Halikupata Tone

Kaka yangu,

Sisi wazima, ila vumbi la saruji bado linatupigisha chafya. Krismasi tumeila sebuleni tukiwa tumekalia ndoo za rangi. Fundi alipigilia bati la mwisho asubuhi ile ile, akaondoka na paja la kuku mkononi.

Hatujamaliza kunawa, mvua hiyo! Basi, bila hata kuambizana, kila mtu akakimbilia beseni lake, kama enzi zile paa likivuja: mama koridoni, mimi kando ya kabati. Lako alilichukua baba mwenyewe, akaliweka pale pale miguuni mwa kitanda chako. Baba yule yule uliyemwapia kwamba hulali tena chini ya paa lake.

Tukasubiri. Mvua ikapiga mpaka ikachoka, na ndani hakuna hata tone! Mama alicheka hadi akakaa sakafuni.

“Aliiita nyumba yangu gofu, eti? Aje aone!” baba akasema, kisha akarudi chumbani kwako kulikagua beseni mara ya tatu.

Kavu kabisa. Na amekataza lisiondolewe mpaka uje ulione mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye rangi kwenye nywele.