Kabari ya Konokono

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na ninaomba barua hii ikukute wewe na shemeji mkiwa na afya, na wapwa zangu wakiendelea kurefuka na kumaliza viatu. Mama hajambo. Magoti humsumbua asubuhi, lakini mdomo haujamsumbua hata siku moja, na amenituma nikwambie kwamba sweta uliyomtumia anaivaa hata jua linapowaka, majirani wamcheke watakavyo. Useremala wangu unaendelea. Vidole vyote kumi bado ninavyo, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni habari njema.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kamba. Nakuomba usikifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Najua subira haikuwa fungu lako; wewe ndiye uliyekuwa ukifungua hata zawadi za wenzako. Lakini safari hii nisikilize mimi mdogo wako. Nilishika simu mara tatu mwezi huu ili nikwambie haya, na mara zote tatu nikaishia kukuuliza kama huko kwenu kunanyesha. Ndiyo maana nimekimbilia kalamu.

Habari kubwa ni kwamba Konokono amefufuka. Ndiyo, yule yule, gari la kulala la marehemu baba, ulilolipa jina mwenyewe kwa sababu lilibeba nyumba mgongoni. Unakumbuka likizo zetu: baba akizunguka soko hadi soko kutengeneza mizani ya wafanyabiashara, mama akipika kwenye jiko la gesi lenye jicho moja, na sisi wawili tukilala juu, chini ya turubai la lile paa linaloinuka, wewe ukinitisha kwamba nikigeuka vibaya nitaangukia sufuria. Tangu siku ile ya ajali, miaka ishirini na sita, Konokono hakutoka upande wa chini wa uwanja wetu. Walimvuta hatua moja tu kutoka ukutani, wakamwacha hapo.

Aliyeanzisha jambo hili ni mama. Mwaka jana aliniita, akaniuliza kama seremala anaweza kutengeneza vitanda vya gari. Nikadhani ananitania. Akasema anataka kuja kuiona nyumba yako, maana hajaiona mpaka leo, na basi haliwezi tena kwa ule mguu. Anataka kuja na Konokono, alale njiani kama zamani. Nilimwambia wazi kwamba nashangaa, gari lililomvunja mguu analitakia nini. Akanijibu kwamba gari halina kosa, kosa huwa ni la mtu. Alilisema kwa wepesi huku akikata uzi kwa meno, wala hakuniangalia. Mimi nilitoka nje, nikasimama nyuma ya karakana muda mrefu, nikijifanya napanga mbao.

Nikamtafuta fundi bodi mmoja, mzee ambaye mtaa mzima humwita Taratibu. Akimwona mtu anaharakisha hata kunywa chai, humwambia haraka haraka haina baraka. Siku ya kwanza alimzunguka Konokono mara mbili, akagonga bati kwa kifundo cha kidole, na kidole kikapita upande wa pili. Kisha akasema kwamba hili si gari, hili ni kumbukumbu ya gari, lakini tuanze.

Dada, ungelia. Mmea wa kutambaa ulikuwa umeingia kwa dirisha la dereva na kutokea paani. Nyigu walikuwa wamejenga kwenye taa, na kuku wa jirani walikuwa wakitagia kwenye kiti cha baba. Sakafu ilikuwa imeoza kiasi kwamba ukisimama ndani unaona nyasi. Turubai la paa nililigusa likawa vumbi. Tulitoa kila kitu, viti, vioo, injini, nyaya, mpaka likabaki ganda tupu juu ya magogo manne. Miezi mitano Taratibu alikata kutu na kuchomelea bati jipya, kipande kwa kipande, na mimi nikapiga msasa mpaka nikawa naota napiga msasa. Injini ilikaa kwa fundi wake miezi mingine mitatu. Siku iliponguruma kwa mara ya kwanza mama alikuwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, halafu akarudi kugeuza chakula.

Vitanda nimevitengeneza kwa mbao nyepesi, vinakunjwa kama vile vya zamani. Mapazia ameyashona mama, kwa ile cherehani ya kuzungusha kwa mkono, maana unajua mguu wake haukukanyaga tena pedali tangu ajali. Nilikuwa nikikaa sakafuni napima kabati huku namsikia ndani akizungusha, akipumzika, akizungusha tena. Cherehani ile nimeisikia utotoni mwangu mwote. Lakini safari hii, kila ilipotulia, nilijikuta nami nimeacha kupima.

Rangi ilipokauka, Taratibu aliuliza ni nani atakayeendesha safari ya kwanza. Kabla sijafungua mdomo mama akasema dereva wa gari hili anajulikana, ni binti yake, aliyefundishwa na baba yake ndani ya gari hili hili. Nikamkumbusha kwamba wewe huendeshi, na kwamba hukanyagi nyumbani ila kwa msiba. Akasema anajua, na ndiyo sababu anataka. Hapo nikaona kwamba siwezi kukaa kimya tena.

Siku ile ya ajali naijua kama unavyoijua wewe, na kipande kimoja zaidi. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na leseni mpya. Baba alikuwa ameshaanza kukufundisha mizani, akisema kwa watu kwamba siku moja muhuri wake utaurithi wewe. Asubuhi hiyo ulimpeleka Konokono kuoshwa, ukamrudisha, ukamwegesha juu ya uwanja, pale penye mteremko. Breki ya mkono ya Konokono ilikuwa ya kubembeleza: inashika, inashika, halafu inaachia bila kuaga. Kwa hiyo baba alichonga ile kabari ya mti mgumu, nene huku na nyembamba kule, akaweka sheria moja ya nyumba: ukizima injini, shuka, sukumiza kabari chini ya gurudumu, ndipo ufunge mlango. Nusu saa baadaye breki iliachia. Konokono alishuka uwanja mzima na kumbana mama ukutani alipokuwa akianua nguo.

Baba aliporudi hakuiona kabari chini ya gurudumu, wala garini, wala popote uwanjani. Akasema umeisahau kule kwenye kuosha gari. Uliapa kwamba uliiweka. Aliuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, kwa sauti ile ile aliyoulizia wafanyabiashara waliochezea mizani. Siku ya nne ulikaa kwenye ngazi ukasema labda kweli ulisahau. Niliyasikia maneno hayo, nilikuwa nyuma ya mlango. Mwezi haukwisha ukahamia kwa shangazi, ukaacha mizani, ukaacha usukani. Mpaka leo, ukitaniwa kuhusu gari, unasema wewe ni msahaulifu, usikabidhiwe hata baiskeli.

Dada, hukusahau. Uliiweka. Nilikuona ukiinama kuisukumiza chini ya gurudumu, ukaigonga mara mbili kwa kisigino cha kiatu. Aliyeitoa ni mimi.

Nilikuwa na miaka minane. Kwa jirani walikuwa wakichimba kisima kwa ile mashine kubwa, na ukuta wa kati yetu nao ulikuwa mrefu kunizidi. Nilitaka kitu cha kusimamia. Niliivuta kabari, Konokono akatulia tuli, nikaona kumbe haina kazi. Nikaisimamisha ukutani, nikaipanda, nikatazama mashine ikitapika matope. Kelele zake zilikuwa kubwa, sikusikia gari likishuka. Nilimsikia mama. Nilikimbia na kabari mkononi, na watu walipokuwa wakimbeba mama kumpeleka hospitali, wewe ukiwa umemshika kichwa, mimi nilibaki peke yangu uwanjani. Nikaingia ndani ya Konokono, nikaitumbukiza kwenye tundu langu la siri nyuma ya ubao wa chini ya sinki, mlimokuwa na kopo langu la gololi.

Mwanzoni niliogopa kipigo. Baadaye niliogopa kwamba utanichukia. Ulipoondoka niliona mambo yamekwisha, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka ishirini na sita, na nimeitembea juu ya mgongo wako. Sina neno la kulipamba hilo.

Sijamaliza. Tulipokuwa tukimvua Konokono, ubao wa chini ya sinki niliubakiza mwisho. Nilisubiri Taratibu aende kula, nikaubandua mwenyewe. Kopo la gololi lilikuwepo, limeliwa na kutu. Kabari ilikuwepo pia. Lakini mimi niliiacha tupu, na niliikuta imefungwa kwa kile kitambaa cha buluu ambacho baba alifutia mawe ya mizani. Nikakifungua. Unaujua muhuri wake, nyota ndogo na tarakimu mbili za mwaka, aliokuwa akiugonga kwa nyundo juu ya kila jiwe alilolipima akalikuta halina hila. Ameugonga kwenye kabari, upande ule mnene. Mwaka ni ule uliofuata ajali.

Baba alijua, dada. Aliikuta pamoja na gololi zangu, kwa hiyo alijua pia ni nani. Akaipima, akaikuta sawa, na aliyekuwa sawa ni wewe. Kisha akairudisha gizani, akaishi na mimi miaka mingine kumi na tisa bila kuniuliza hata mara moja. Mtu aliyepima haki ya watu wote wa sokoni alishindwa kuipima ya mwanawe mwenyewe mchana kweupe. Nimemkasirikia kwa hilo, halafu nikajikumbuka mimi, hasira ikakosa pa kukaa. Uliwahi kunisimulia kwamba mwaka ule alisafiri mpaka kwa shangazi, akasimama langoni na kofia mkononi, akakuachia jozi ya viatu na kuondoka bila kuingia. Ulisema alikuja kukuonyesha kwamba hajakusamehe. Mimi sijui alikuja kusema nini. Nakupa mwaka tu, ufikirie mwenyewe.

Mama nimemwambia wiki iliyopita. Alikuwa akipiga pindo la pazia la mwisho. Niliongea nikitazama sakafu, na nilipomaliza nilisubiri anifukuze. Alizungusha cherehani mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi. Akasema mguu ni wake, ameshauzoea, na kwa upande wa mguu hanidai. Kisha akaniambia: lakini jina lililochafuliwa si langu, ni la dada yako, kaliombee msamaha kwake, na usinipe mimi msamaha usio wangu niugawe. Tangu hapo hajaniita kwa jina la utani. Chai ananimiminia kama kawaida, na kila akinimiminia natamani angenipiga.

Kwa hiyo nakuomba, dada. Siombi unisamehe kwa barua moja, maana kosa lenyewe halikuwa la siku moja. Ukitaka kunisema, njoo unisemee mbele ya mama na mbele ya Taratibu, sitanyanyua uso. Ukitaka kukaa kimya mwaka mzima, nitakuelewa. Ninachokuomba ni kwamba usiseme tena, kwa watoto wako wala kwa mtu yeyote, kwamba wewe ni msahaulifu.

Sasa unaweza kufungua kifurushi. Pitisha kidole upande mnene, utaigusa nyota.

Konokono yupo juu ya uwanja, pale pale ulipomwegesha wewe. Taratibu ameweka waya mpya wa breki na anaapa inashika, lakini mama hataki kusikia. Nimemzuia kwa mawe mawili kwa sasa, maana kabari yake iko mikononi mwako. Kiti cha dereva nimekisogeza mbele kwa kipimo cha miguu yako, na mama anamkataza mtu mwingine yeyote kukikalia.

Msalimie sana shemeji, na uwabusu watoto kwa niaba ya mjomba wao, hata kama utaona vema kwanza kuwaeleza mjomba huyo ni mtu wa namna gani. Mama anakusalimu na anauliza unapendelea mto mgumu au laini. Taratibu naye anakusalimu ingawa hakujui. Anasema usikimbilie, ila uje.

Ni mimi mdogo wako niliyekufuata kila mahali, isipokuwa siku uliyohitaji shahidi,

Mkia