Pua Yangu Nzima, Kipimo Kinasema Nimebeba

Dada Ouyang wa safu ya ushauri, nishike mkono kabla ya Jumapili,

Mimi Peng Dashun nauza tofu ya kuvunda, ile ya soya inayonuka mtaa mzima, hapa Changsha mwaka wa thelathini na moja, Guangzhou nimefika mara mbili, kwa akili za mtaani hanipati mtu, basi homa hii ilipoingia na wauguzi wakasema wapo wanaoibeba bila hata chafya, nikasema hao niachieni mimi, mwenye homa hii hasikii harufu, nikaweka sufuria la tofu mlangoni pa ghorofa letu, kila apitaye ainame anuse, akikunja uso ni mzima, asipokunja namrudisha juu, nikamnasa Mzee Kuang nikamfungia siku mbili, ananitukana dirishani, "We Dashun, pua hii ilivunjwa na baiskeli hujazaliwa," kumbe kweli, maana wauguzi walipopima kwa vijiti vya pamba Mzee Kuang safi, waliokutwa nayo ni watatu waliokunja uso vizuri kabisa, na wa nne mimi, nisiye na kikohozi, nakula mabakuli matatu na mtungi wa gesi naupandisha ghorofa ya sita nikiimba.

Sasa Jumapili Mama anatimiza themanini, na mimi kifungua mimba ndiye wa kumtilia tambi za maisha marefu kwa vijiti vyangu mwenyewe vya kulia, vilivyotoka mdomoni mwangu, ndiyo mapenzi hayo. Mdogo wangu Cuilan kanipigia, "Kaka, ukivuka kizingiti nakuvunja miguu," Mama akamnyang'anya simu, "Dashun asiponitilia, hizo tambi kaleni nyie." Na kifua chake kimeliwa na moshi wa makaa. Nimewaza asubuhi ile ninuse tofu, nikiisikia niende. Nakosea wapi?

*

Dashun, unakosea mwanzo mpaka mwisho, na moyo wako mzuri ndio unaotutisha. Pua inapima pua. Ugonjwa usiokohoa uliwaita majirani wainame mbele yake, nao wakainama. Anayelala kitandani tunamjua, tunampelekea uji mlangoni. Anayepandisha mtungi akiimba nani atamkimbia?

Kaa ndani. Msikilize Cuilan. Wape wauguzi majina ya wote walionusa, na Mzee Kuang muombe radhi kwa simu, usimfuate.

Kuhusu Mama: Jumapili ni tarehe ya kitambulisho, sivyo? Wazee wa umri wake huhesabu kwa mwezi wa angani, kalenda ya kale, na siku yake hiyo bado wiki nne. Mpigie leo umwambie, "Mama, Jumapili ni ya serikali. Kwa mwezi wewe bado sabini na tisa." Atacheka, atakula za Cuilan. Wauguzi wakikukuta safi, siku ya mwezi nenda, umtilie kwa vijiti ambavyo hujavilamba. Atasema humpendi. Mtilie hivyo hivyo.