Ziwa Liwe Mbele

Rumonge, Burundi

Kwa Bibi yangu, mke wangu wa kwanza na mwenye wivu,

Assalam alaykum. Zuhura, dada yangu, wewe unayemsomea Bibi barua hii, soma polepole wala usiruke mstari. Bibi, goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeifungia kabatini pamoja na vyombo vya wageni? Na yule mbuzi mwenye pembe moja, bado anatafuna kanga za watu? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na sijazama. Nalisema hilo mapema maana Zuhura ameniambia unaota ndoto mbaya tangu niliposema naja kukaa kando ya Ziwa Tanganyika. Sisi watu wa Tabora na maji mengi hatujazoeana, nakubali. Naogea kwenye ndoo, ziwa naliangalia tu.

Nimepanga chumba kwa Mama Shabani, mtaa wa Waswahili. Ni mama wa makamo, anaanika dagaa, ambao hapa huitwa ndagala, na kuwauza. Mumewe, Baba Shabani, ni mvuvi. Mtoto wao Shabani ameoa, anakaa Bujumbura, basi mimi nimeangukia kwenye nafasi yake mezani. Kiswahili chao kinanichekesha na changu kinawachekesha. Mtoto kwao ni mutoto, kila kitu "iko", na kushukuru wanashukuru kwa Kirundi. Ukimkanyaga mtu mguu sokoni atakuambia murakoze, yaani ahsante.

Nasikia umewaambia majirani kwamba nauza simu. Siuzi simu, Bibi. Wapo watu wanaotengeneza ubongo wa simu, vile inavyofikiri. Mimi natengeneza uso wake: mtu aangalie wapi, aguse wapi, aone nini kwanza, ili asihitaji kumwita mjukuu kila anapotaka jambo. Ukiona mtu anasukuma mlango wa kuvuta, ujue aliyeweka kishikio hakumfikiria. Ndiyo kazi yangu, kumfikiria mtu kabla hajafika mlangoni.

Hapa tunatengeneza programu ya kuwaonya wavuvi juu ya upepo. Wanavua usiku, wanatoka jioni, na upepo mkali wa kusini ukiwakuta katikati ya ziwa, ni maombi tu. Simu hawaendi nazo majini, wanaziacha nyumbani. Kwa hiyo anayesoma onyo ni mke, akiwa ufukweni kwenye ndagala zake, halafu anamwambia mume ashuke au asishuke. Kwa kuwa wengi wao hawakusoma sana, nilichora ramani ndogo ya ufuko na mshale wa kuonyesha upepo unakoelekea. Mshale mwembamba, upepo mdogo. Mshale mnene, upepo mkali.

Nikaanza kuwajaribisha akina mama. Mama, hii ni rahisi? "Iko muzuri sana, murakoze." Mshale unaonekana? "Unaonekana, murakoze." Hakuna kinachokusumbua? "Hakuna, mutoto yangu, umefanya kazi." Ufuko mzima jibu moja. Nikamwandikia bosi wangu aliyeko Bujumbura kwamba kazi imeiva, naye akafurahi, akasema tufunge majaribio tuipeleke Gitaza na Muhuta. Nilivimba kichwa, sikufichi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimeshalitia maji sijui.

Siku moja ya kiangazi Baba Shabani alishuka jioni na wenzake kama kawaida. Asubuhi mitumbwi mingine ikarudi mmoja mmoja, wa kwake haukurudi. Mama Shabani hakulia. Alisimama pale mchangani ndagala zake hajazigeuza, na mimi nimesimama nyuma yake. Nilifungua simu yangu nikaona onyo la jana lilikuwa sahihi kabisa: upepo mkali, unatoka kusini. Karibu na adhuhuri likaja lori kutoka Gitaza, mbali kule kaskazini, na Baba Shabani akashuka akiwa amejifunga kitenge cha mtu. Upepo uliwasukuma mpaka huko. Nyavu zilikuwa zimebaki ziwani. Bibi, nilikwenda nyuma ya choo nikalia kama mtoto.

Jioni nikamuuliza Mama Shabani kama simu haikumwonya.

"Ilionya," akasema. "Ni mimi nilikosa kuisoma. Simu iko muzuri, mutoto yangu, usijisumbue."

Mume ameponea chupuchupu, na bado ananilinda nisione haya. Ndipo nilipoelewa kuwa tangu nifike sikuwa nimepewa jibu hata moja, nilikuwa nimepewa heshima ya mgeni. Mgeni akikupikia chakula kibovu nyumbani kwako, utamwambia? Na kosa langu lilikuwa kuuliza badala ya kutazama. Mwalimu wetu chuoni alikuwa na msemo wake: mtu akikosea kutumia kitu, kamata kitu kwanza, mtu mwache.

Siku chache baadaye akaja wifi yake Mama Shabani, Habiba, kutoka Kizuka, ameleta mawese. Ana mdomo huyo mama, ungempenda. Nikamwomba Mama Shabani amfundishe wifi yake kutumia ile programu, maana mimi nina kazi nyingine. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa nyuma yao na kikombe cha chai, nimefunga mdomo. Walikuwa ufukweni, wamelitazama ziwa. Mwanzoni waligeuka kuniangalia, kisha wakanisahau.

"Hii ya buluu ni nini?" Habiba akauliza.

"Ni ziwa."

"Ziwa? Ziwa iko mbele yangu hapa naiona. Juu ya nini simu inaiweka kando?" (Juu ya nini, kwao, ni kwa nini.)

"Unaigeuza hivi," akasema Mama Shabani, akalaza simu ili buluu ije mbele. Na ile simu, kwa werevu niliouweka mimi mwenyewe, ikaona imelazwa, ikaizungusha picha, ziwa likarudi kando. Akageuza tena. Likakimbia tena. Wakacheka mpaka Habiba akakaa chini.

"Wifi, hii simu iko na kiburi kuliko bwana yako."

"Mimi nimeiacha. Siigeuzi tena. Naangalia mushale tu: mushale ukienda mbele, upepo unatoka mulimani, unaenda ziwani. Ni upepo wa kuwasukuma, hauna shida."

Chai ilinipalia. Mimi nilichora ramani kama zinavyochorwa zote, kaskazini juu. Upepo wa kusini kwangu ni mshale unaopanda juu. Lakini yeye anasimama mchangani amelitazama ziwa, simu ameishika mbele ya kifua, na cha juu kwake ni cha mbele, yaani majini. Upepo wa kumuua mumewe aliusoma kama upepo wa mlimani, ule wanaoupenda kwa kuwa unawasaidia kutoka. Alisoma vizuri. Mchoro wangu ndio uliosema uongo.

Nikampigia bosi. Nikamwambia ziwa liwe juu, mbele ya mtu, milima chini mgongoni kwake, mkono wa kulia njia ya Gitaza na Muhuta, mkono wa kushoto Nyanza-Lac, na picha isizunguke hata simu ikirushwa hewani. Akasema ramani za dunia nzima kaskazini iko juu, tutachekwa. Unanijua nikipandisha. Nikamwambia bosi, dunia nzima haivui Rumonge, na anayechekwa bado yu hai. Kisha akasema nijaribu kwa ufuko huu mmoja, na ikishindikana kazi nzima inafungwa.

Nikarekebisha. Vitufe navyo nikavikuza, maana niliona kioo hakivisikii vidole vilivyochubuliwa na mchanga na samaki. Na sikumuuliza mtu kama ni nzuri. Nilikaa mchangani kila alasiri, natazama tu.

Juma lililopita, alasiri, ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Simu ya Mama Shabani ikalia. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaitazama, akalitazama ziwa, na kiganja chake hakikuigeuza simu hata kidogo. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Baba Shabani. Upepo unatoka Nyanza-Lac, munene. Leo wewe haushuki."

"Ziwa iko kimya hivi," mumewe akasema.

"Nimesema haushuki. Ukitaka kushuka, uniache kwanza."

Wanaume wakacheka, lakini mtumbwi ukabaki mchangani, na wenzake wakachelewa-chelewa mpaka nao wakabaki. Magharibi haijaadhiniwa vizuri, upepo ukaja. Mabati yaligonga mtaa mzima na mawimbi yakapanda hadi kwenye vichanja vya ndagala. Mimi nilikuwa kwenye jamvi, namshukuru Mungu.

Asubuhi yake Mama Shabani akanijia mlangoni. Nikajiandaa kusikia murakoze. Akaanza: ule mlio wa onyo ni wa mbuzi anayechinjwa, unamtia kiwewe. Rangi inapotea juani, nilidhani ndagala zinaanikwa gizani? Na maneno ya chini ni madogo kama chawa, nimemwandikia nani, sisimizi? Nikamwambia aendelee. Akaendelea, Bibi, na sijawahi kugombezwa nikafurahi hivyo. Nyuma yake, kupitia mlango wazi, nilimwona Baba Shabani amekaa mbele ya sinia la ugali, ameshiba, amenuna kwa kukosa kwenda kazini.

Basi usiniulize nitarudi lini. Kuna mlio wa kubadilisha, na bosi amekubali Gitaza ifuate, nami nitakwenda kwanza kukaa mchangani.

Msalimie Mama, mwambie sweta lake nalivaa hata kwenye joto. Baba mdogo mshonaji aache kuvuta sigara juu ya vitambaa vya watu. Shangazi muuza asali nampa mkono, na mwalimu wetu wa madrasa naomba dua yake. Mama Shabani anakusalimu pia. Anasema anakutunzia mume, lakini anakula sana.

Mungu akuweke, akulainishie goti.

Mjukuu wako na mumeo,
Ramadhani