Mtori wa Elinipendo

Shirimatunda,
Moshi.

Kaka yangu mpendwa Eliakim,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, pamoja na ng'ombe wako ambao najua kila asubuhi unawasalimia kabla yake. Sisi hatujambo, ila joto la huku chini. Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Unauliza kwa nini Mama, aliyeshuka kutuletea ndizi tu, bado yuko kwangu, na ndizi nyingine za mshare anazoagiza ni za nini. Nitakueleza.

Mwezi uliopita sisi wauguzi tulipewa semina. Mkufunzi alisema kwamba ukilinganisha nchi zinazokataza kutoa mimba na zinazoruhusu, idadi ya wanaotoa haipishani kama tunavyodhani. Penye katazo wanatoa kwa kificho, na wengi zaidi wanaumia au kufa. Nilikukumbuka, mzee wetu wa kanisa, ulivyosimama Kwaresima ukitaka sheria ikazwe ili jambo hili liishe. Nikacheka peke yangu. Sheria yetu ni kali tayari, Kaka, na wagonjwa wa namna hiyo tunawapokea kila mara.

Siku chache baadaye kicheko kiliniisha. Nilimkuta binti yako Elinipendo ameanguka bafuni kwangu, damu imetapakaa. Alikuwa na mimba, akameza vidonge alivyouziwa kwa siri. Hospitali walimwokoa, sasa anatembea na anakula. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi, muuguzi ninayelala chumba cha pili.

"Ungemwambia Baba," alisema. "Niliona heri nife."

Nililia sana, Kaka.

Mama hakumuuliza kitu. Alimenya mshare, akampikia supu ya mtori yenye siagi kama anavyopikiwa mzazi aliyetoka kujifungua, akamlisha kwa kijiko. Ndizi zinakwenda huko.

Elinipendo alitaka kupanda huko kwako Kirua Jumamosi na jani la sale, akuombe radhi kama desturi yetu. Mama amekataa. Amesema mtoto aliyemwogopa baba yake kuliko kifo hana radhi ya kuomba; safari hii sale aichume Eliakim mwenyewe, pale mpakani mwa kihamba chake cha migomba, ashuke nayo.

Hasira zako nazijua, huwaka kisha zikazima. Zikishazima, njoo. Mtoto anakupenda, nawe unampenda, ila hilo la pili hajawahi kulisikia kwako.

Wifi mwambie taratibu. Mama anakusalimu, mengine amesema utayasikia ukifika.

Mdogo wako akupendaye,
Stella