Miche Elfu Nne na Mjukuu Asiyekuja

Kwapa, 6 Februari 2024

Kwa mume wangu Hudson,

Salamu sikupi bado. Kwanza nakuuliza: miguu yako imekatwa? Tangu Krismasi hujakanyaga hapa, na kutoka Tororo ni mwendo wa boda tu. Lakini nasikia umeonekana Busia kwa wazazi wako mara mbili, unakula samaki. Mimi nimekukosea nini?

Haya, sasa salamu. U mzima? Kile kifua chako kimepoa? Mimi goti la kushoto linanisumbua, la kulia linafanya kazi ya yote mawili. Anayeniandikia ni Edah, yule Mkenya wa Busia anayekuja kununua njugu siku za soko. Mkono ni wake, maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapunguza.

Unajua kikundi chetu, Tumechoka Kuomba, akina mama kumi na wawili. Tuna miche ya mivule elfu nne, tumeimwagilia tangu Agosti kwa ndoo za kichwani. Edah ametusomea tangazo kwenye ukuta wa ofisi ya gombolola, tarafa yetu hii: wilaya inanunua miche elfu nne ipandwe kwenye shule. Elfu nne! Kama mtu aliyepita hapa akahesabu yetu. Mizizi imeanza kutoboa vifuko. Mvua za masika zikipita bila mnunuzi, hiyo ni chakula cha mbuzi.

Fomu tumechukua. Na wewe unakaa kwenye ofisi hiyohiyo ya wilaya inayonunua. Basi njoo Jumapili ule, uniambie wilaya ina pesa ngapi mfukoni, nasi tuandike hiyohiyo.

Nyanya yako,
Achola


Tororo, 13 Februari 2024

Nyanya mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Kifua kimepona. Goti ulichue kwa ile dawa niliyokuachia, usimpe mwenzako Kevina yote.

Kutokuja Januari ni kosa langu, sina la kujitetea. Kutokuja Februari ni sheria. Jina la kikundi chenu nilikutana nalo kwenye rejista ya waliochukua fomu. Siku ileile nilimwandikia mkuu wangu, Bi Patience, kwamba mwenyekiti wa kikundi hicho ni nyanya yangu mzaa baba. Ameniondoa kwenye kamati itakayopima maombi. Na mpaka kazi hii iishe, siruhusiwi kufika kwako, kukupigia simu, wala kula chakula chako. Hata barua hizi zinapitia masjala. Zinafunguliwa, zinagongwa muhuri, ndipo nazipata. Mkiwa na swali la tenda, liandikeni. Ofisi italijibu, na jibu litakwenda kwa wote waliochukua fomu, bila kumtaja aliyeuliza.

Pesa iliyotengwa sikuambii, Nyanya. Andikeni bei yenu wenyewe, muifunge ndani ya bahasha, iingie kwenye sanduku hapa wilayani kabla ya saa nne asubuhi, tarehe 14 Machi. Saa nne na dakika moja haipokelewi, hata ukija umebebwa. Zitafunguliwa palepale mbele ya kila anayetaka kuona.

Najua utanuna. Nuna, lakini bahasha iwahi.

Mjukuu wako,
Hudson


Kwapa, 27 Februari 2024

Mume wangu mtoro,

U mzima? Sisi tu wazima. Nawasalimu na hao wanaofungua barua zangu. Hamjambo huko masjalani? Hamna kazi nyingine?

Sheria gani hii ya kumnyima mtu mjukuu wake? Nilitaka nirudishe fomu ili uje ule. Kevina, mweka hazina wetu, akaweka mikono kiunoni: "Achola, mjukuu ni wako, lakini ndoo tulibeba sote." Fomu imebaki.

Tena kuna hili. Nilituma swali kwamba kifuko cha mche kiwe cha ukubwa gani. Jibu limenifikia Jumatano. Jumatano hiyohiyo limemfikia Ikwap, huyu wa ng'ambo ya kijito mwenye miche yake, ambaye hata kichwani hakuwa na swali! Amekuja kunishukuru, mtu mzima bila aibu. Nikamwuliza umejuaje ni mimi. Akasema, "Nani mwingine hapa Kwapa angeuliza serikali kama kifuko cha sukari kinafaa?"

Lakini usiwe na wasiwasi, mambo nimeyanyoosha. Wanaoomba tenda hii ni watatu tu: sisi, Ikwap, na Marion, yule mjane anayeimbisha kwaya. Nikawaita, nikapika nyama. Nikawaambia, sokoni mihogo yangu ikiwa mia tano, ya jirani haiwi mia nne akanifukuzia wateja. Watu wenye adabu wanakaa pamoja. Tukapatana bei moja, elfu moja na mia tano kwa mche, wote watatu. Atakayechukuliwa atawapa wenzake kazi ya kubeba na kupakia. Edah ameandika zote tatu, kalamu moja, kikao kimoja, akapeleka akatia sandukuni. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Mwambie mkuu wako nimemrahisishia kazi.

Nyanya yako,
Achola


Tororo, 4 Machi 2024

Nyanya,

Salamu, na pole na goti. Nakuandikia haraka.

Barua yako ilisomwa masjalani, ikasomwa na Bi Patience, ndipo ikanifikia. Kwenye kifuko cha sukari alicheka mpaka akavua miwani. Alipofika kwenye bei moja, akaivaa tena.

Hicho ulichokifanya kwa wema, sheria inakiita kula njama. Waombaji wakipatana bei, wote wanatupwa, na wanaweza kufungiwa wasiombe tena kwa miaka. Kwa nini? Kwa sababu wilaya inabaki haina cha kulinganisha. Inalipa kile mlichopanga mkiwa mnakula. Na pesa hiyo ingebaki, ingekwenda kwenye madawati ya shule hizohizo za hapo kwenu.

Sanduku bado halijafunguliwa. Leo Bi Patience amewaandikia nyote watatu barua moja, neno kwa neno. Anayetaka kuondoa ombi lake na kuleta jingine, lenye bei aliyoitafuta mwenyewe bila kumwambia mwenzake, anaruhusiwa kabla ya saa nne tarehe 14. Baada ya hapo, basi. Mimi siwezi kukuongezea hata nukta. Edah akusomee barua hiyo mara mbili.

Mjukuu wako,
Hudson


Kwapa, 16 Machi 2024

Mjukuu wangu,

U mzima kweli? Mbona umekonda? Nimekuona.

Barua ya Patience ilinichoma. Njama! Mimi, niliyewapikia! Mchana mzima sikutia kitu mdomoni. Halafu nikawaita akina mama, tukakaa chini ya paa la stoo, tukajiuliza bila kudanganyana: mche mmoja umetutoa nini? Kifuko, samadi, maji, kukodi lori, na faida ambayo mtu anaweza kuisema kanisani. Ikatoka elfu moja na mia moja. Kevina akauliza, "Sasa ile mia nne ya juu tulikuwa tumeitoa wapi?" Nikamjibu, "Kwenye nyama." Ukweli ni huo. Tulishiba, tukaona serikali haina mwenyewe. Usimwambie Patience. Ah, si atasoma kabla yako. Soma basi, mama. Uko na haki.

Tarehe 14 tulikodi gari moja, Ikwap, Marion na mimi. Miaka thelathini tunaambiana mpaka ndoto zetu. Siku hiyo, kimya! Ikwap alikalia bahasha yake kama kuku aliyeatamia.

"Sogea," namwambia.

"Unataka kuchungulia."

"Nichungulie nini, na mimi kusoma sijui? Nataka nafasi ya goti!"

Marion yeye yake aliifunika na Biblia, akawa anaimba polepole ili asije akasema bei kwa bahati mbaya. Tulifika saa tatu na nusu, tukaziondoa za zamani kwa barua, tukatia mpya.

Saa nne ikagonga, wakaleta sanduku mbele yetu, likakatwa lakiri. Patience akasoma kwa sauti. Marion, elfu moja na mia tatu. Ikwap, elfu moja na mia mbili. Tumechoka Kuomba, elfu moja na mia moja. Ikwap alinitazama kama nimekalia kiti chake kanisani.

Na wewe ulikuwa umesimama kwenye baraza ya jengo lile jingine, shati la bluu, kola imekunjika upande mmoja. Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Nikaushika kwa huu mwingine. Nikakupa mgongo, wenye macho waone. Sijawahi kumpa mgongo mtu wa damu yangu, hata aliyeniibia. Ukafikiri nimekasirika? Mgongo ule ndio salamu pekee niliyoruhusiwa kukupa, nikakupa wote.

Kamati inakuja kupima urefu wa miche. Wewe nyoosha kola.

Nyanya yako,
Achola


Tororo, 28 Machi 2024

Nyanya,

Nakutakia Pasaka njema, wewe na akina mama wote. Mimi mzima. Mgongo niliuona na nikauelewa. Nilirudi mezani, nikakosea kila nilichokigusa siku ile.

Kamati imepima. Ombi lenu ndilo lililoonekana bora. Tangazo limebandikwa leo ubaoni, na litakaa siku kumi za kazi, ili asiyeridhika alete malalamiko yake. Ikwap ana haki hiyo. Akisema mshindi ana mjukuu ndani ya ofisi, kila kitu kitasimama kwanza mpaka kichunguzwe, na mvua haitasubiri. Hata hivyo usimwendee, usimbembeleze, usimpelekee hata chumvi. Aamue mwenyewe.

Pasaka siji. Mkishatia saini pia siji, mpaka mche wa mwisho upokelewe na mlipwe. Najua unavyosema sasa hivi. Nakusikia mpaka hapa.

Mjukuu wako,
Hudson


Kwapa, 7 Mei 2024

Mume wangu Hudson,

Hujambo wewe? Mimi sijambo, na goti limenyamaza tangu kazi iishe. Lilikuwa linaogopa kubeba.

Sikumwendea Ikwap. Alikuja mwenyewe, siku ya sita ya lile tangazo. Sokoni walikuwa wamemjaza maneno mpaka shingoni. Akasimama mlangoni, kiti akakikataa.

"Achola. Kijana alikupa bei?"

"Kijana hajala hapa tangu Krismasi."

"Hayo unasema wewe."

"Basi muulize yule," nikamwonyesha jogoo mwekundu pale kwenye ghala. "Nilimtengea Hudson tangu Januari. Mtoto angefika hapa hata mara moja, yule angekuwa anatembea?"

Ikwap alimzunguka jogoo mara mbili, kama anataka kumnunua. Jogoo akamrukia gotini. Ikwap akaruka nyuma: "Huyu ana umri wa kupiga kura!" Akacheka mpaka akakitafuta kile kiti mwenyewe. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Nilikuona ile siku ulivyomgeuzia mgongo. Nilitaka tu kusikia utanijibu nini." Akanywa maji, akaenda. Malalamiko hakupeleka. Ila mpaka leo akinipita njiani ananiita Mheshimiwa Tenda.

Mkataba niliutia dole gumba, Kevina akatia saini ya mkia mrefu. Miche tuliipakia siku tatu, mvua inatupiga mgongoni, Marion anatuongoza kwa nyimbo. Ndiyo, tulimwajiri, na Ikwap pia tulimwita kupakia. Akaja na wanawe, akalipwa kama watu wengine. Kila shule mwalimu mkuu alihesabu mche kwa mche. Saba ilikuwa imevunjika shingo, tukaleta mingine saba siku hiyohiyo. Juzi nimepita shule ya hapa kwetu: imeshika, imesimama kama watoto wa mstarini. Jana tumelipwa, na Patience ametuma karatasi kwamba kazi imekwisha.

Basi umefunguliwa. Njoo Jumamosi hii. Njoo na njaa, na usinibebee ule mkate wa dukani, una hewa tupu. Jogoo utamchinja mwenyewe, mimi nimeshamzoea. Na sikiliza vizuri: ukivuka kijito utapita kwa Ikwap, naye atakuita unywe chai. Mkewe anakaanga mihogo, na najua unavyoipenda. Usikae. Amechukua fomu ya ile tenda mpya ya wilaya, ya miche ya michungwa. Sisi hatukuchukua, msimu huu tunapanda njugu tu. Msalimie ukiwa barabarani, mikono mfukoni, mdomo mkavu, uje moja kwa moja kwangu.

Nyanya yako,
Achola